Zebaki ya baharini: Kujua kiasi pekee hakutoshi

Wavuvi wa Ghuba ya Minamata nchini Japani walipoteza soko, na wengi afya zao, kutokana na zebaki. Kiwanda cha Chisso kiliimwaga baharini pamoja na majitaka kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Mwaka 1956 ugonjwa wa mishipa ya fahamu uligunduliwa rasmi miongoni mwa walaji wa samaki wa hapo.

Fundisho ni kwamba madhara hayategemei kiasi peke yake, bali pia zebaki imeungana na nini. Iliyoshikana na salfa ndani ya tope haiingii kirahisi kwa viumbe. Lakini bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa huweza kugeuza sehemu ya zebaki kuwa methili zebaki. Hiyo hufyonzwa upesi na huzidi kulimbikizana kila samaki mkubwa anapomla mdogo. Kwa hiyo tope lenye zebaki kidogo laweza kuwa na hatari kuliko lenye nyingi.

Kusafisha Minamata kulichukua miaka 13, kuanzia 1977 hadi 1990. Wavu uliozuia samaki kutoka ghubani uliondolewa mwaka 1997, baada ya samaki kuthibitishwa kuwa salama.

Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, unawagusa pia wachimbaji wadogo wa dhahabu Tanzania na Kenya, ambako mito hubeba tope. Kuzuia ni nafuu kuliko kusafisha, na soko la samaki likishapotea halirudi kwa msimu mmoja.