Namba Yako Haina Shida, Shida Ni Kopi-Pesti

Kama laini yako inaanza na 010 ama 011, hii stori unaijua. Unajaza fomu mtandaoni, pengine ya kazi, pengine ya basari inayofungwa saa sita usiku. Jina sawa, kitambulisho sawa, shule sawa. Ukifika kwa namba ya simu, maandishi mekundu yanatokea: "Weka namba sahihi." Unaiangalia tena. Ni namba yako, ile ile unayopigiwa kila siku. Unatoa nafasi katikati, unaweka +254, unarudisha sifuri. Wapi! Mwisho unaweka namba ya mama. Sasa ujumbe wa kuthibitisha unaenda kwa simu ya mama huko Kakamega, na mama yuko shambani, simu ameiacha kwa chaji.

Namba za 01 zilianza kutolewa Kenya mwaka wa 2019. Aliyekuwa darasa la sita mwaka huo saa hii ana kitambulisho. Kwa hivyo tukiambiwa ati "mfumo bado haujazoea namba mpya," tukatae. Namba si mpya. Kuna kitu kingine, na watu wa teknolojia wanakijua vizuri, ni vile tu hawapendi kukisema mbele ya mteja.

Nikisema kodi hapa namaanisha maagizo yanayoandikiwa kompyuta, sio kodi ya keja. Ingawa tutafika hapo pia.

Kitu chenyewe ni hiki. Miaka ya nyuma, msee fulani aliandika mstari mmoja wa kodi unaosema: namba ya simu lazima ianze na 07 na iwe na tarakimu kumi. Wakati huo ilikuwa kweli, na sina ubaya na yeye. Ubaya ulianza wiki iliyofuata, wakati ukurasa wa malipo ulihitaji ukaguzi huo huo. Badala ya kuuita ule uliopo, akaukopi, akaupesti. Kisha ukurasa wa kubadilisha paswadi, kopi. Ukurasa wa wafanyakazi wa ofisini, kopi. Mmoja kwa JavaScript ndani ya kivinjari, mwingine kwa PHP ndani ya seva. Mmoja una nafasi, mwingine hauna. Baada ya mwaka mmoja ile sheria moja ina nakala saba, na hakuna mtu mmoja anayejua zote ziko wapi.

Halafu 2019 ikafika. Malalamiko yakaingia, kijana wa mafunzo akatumwa arekebishe. Akapata nakala ya ukurasa wa kujisajili, akarekebisha, akajaribu, ikakubali, akaambiwa hongera. Ndiyo maana kuna tovuti ambazo unajisajili na 011 bila shida, lakini ukifika kulipa zinakukataa. Zilikukaribisha mlangoni, zikakufukuza mezani. Wala si mtu alikusudia. Ni nakala sita zilizobaki.

Sasa hapa ndipo natofautiana na watu wengi kwenye hii kazi. Wao wanachukulia kopi-pesti kama uchafu mdogo, kitu cha kuchekea kwenye mimi za wanaprogramu. Mimi nasema ni uamuzi kuhusu nani atalipa. Ukikopi, unaokoa dakika kumi zako leo. Zile dakika hazipotei. Zinahamishwa kwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mtoi mwenye fomu ya basari usiku wa mwisho, ambaye hata hajui kitu kinaitwa kodi. Anafikiri yeye ndiye amekosea.

Na usidhani ni namba za simu peke yake. Kumbuka ushuru wa VAT. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa korona, serikali iliushusha kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ukarudi 16. Kwa miezi tisa, kila duka la mtandaoni na kila mfumo wa risiti nchini ulitakiwa kubadilika mara mbili.

Kwa mwenye kiwango kimeandikwa mahali pamoja, hiyo ni kazi ya chai moja. Kwa mwenye 0.16 imetapakaa kwa faili arobaini, hiyo ni kuwinda. Tena hata kutafuta "0.16" hakutoshi, kwa sababu mwingine aliandika 1.16, mwingine 16 gawanya kwa 100, mwingine akapiga hesabu kwa kichwa na kuandika jibu tu. Na kuna 16 zingine hazihusu ushuru kabisa, ni idadi ya bidhaa kwa kila ukurasa. Ukibadilisha zote kwa pupa, ushuru utakuwa sawa lakini ukurasa wako unaonyesha bidhaa 14. Halafu Januari unarudia tena, kwa nyuma.

Kuna mtego mwingine hapo. Risiti ya Machi 2020 lazima ibaki na asilimia 16 hata ukiichapisha tena mwezi wa Juni. Kwa hivyo jibu halikuwa kubadilisha namba tu. Jibu lilikuwa funkisheni moja, yaani kipande cha kodi chenye jina, ambacho unakiuliza: "Siku hii, VAT ilikuwa ngapi?" Na kila mtu kwenye mfumo anakiuliza hicho hicho. Mwenye nakala arobaini hawezi hata kufikia wazo hilo, kwa sababu akili yake yote imeisha kwa kuwinda.

Hiyo ni kodi iliyorudiwa. Ndugu yake ni kodi iliyofungamana: funkisheni moja ya mistari mia nne inayoitwa "lipa", ndani yake kuna kama ndani ya kama ndani ya kama. Kama ni M-PESA, kama ni kadi, kama mteja ni mpya, kama kuna ofa, kama ofa imeisha lakini meneja ameruhusu. Mwaka wa 1976 Mmarekani Thomas McCabe alitoa njia rahisi ya kupima hii kitu: hesabu sehemu ambazo kodi inaweza kugawanyika njia mbili, ongeza moja. Ikizidi 10, alisema, anza kuwa na wasiwasi. Si uchawi, ni hesabu. Maswali kumi ya ndiyo-ama-hapana yakifuatana yanaweza kutoa njia 1,024 tofauti. Hakuna binadamu atajaribu njia 1,024 Ijumaa jioni kabla ya kuenda nyumbani. Atajaribu tatu, aseme iko poa. Zile zingine utamjaribia wewe, ukiwa na pesa zako.

Na kama unadhani haya ni mambo ya kampuni ndogo za mtaani, Februari 2014 Apple ilibidi itoe marekebisho ya haraka ya simu za iPhone kwa sababu ya mstari mmoja uliojirudia. Mmoja tu. Amri ya kuruka hadi mwisho iliandikwa mara mbili mfululizo, ile ya pili ikawa inatekelezwa kila wakati, na sehemu ya kuthibitisha kwamba seva unayoongea nayo ni ya kweli ikawa inarukwa. Mtu aliye kwa Wi-Fi moja na wewe angeweza kujifanya benki yako.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

La kwanza: "Ikifanya kazi, usiiguse." Hii ndiyo dini ya hii kazi, na ni uongo. Hata wewe usipoigusa, wengine wataigusa. Bunge litabadilisha ushuru. Mamlaka ya Mawasiliano itafungua namba mpya. M-PESA itabadilisha masharti. Kodi isiyoguswa haibaki salama, inabaki tu ikingoja siku ambayo utalazimika kuigusa ukiwa na haraka, usiku, na bosi anapiga simu.

La pili: "Mteja halipii usafi." Kweli, halipii usafi. Analipia kitu kinachofuata. Na hapa ndipo ile kodi ya keja inaingia. Kodi mbaya haikutozi mara moja, inakutoza kila mwezi. Kila kitu kipya ambacho mteja ataomba kitachukua siku tano badala ya mbili, kwa sababu lazima upite kwa ile "lipa" ya mistari mia nne. Mteja analipa tayari, ni vile tu hamjamwonyesha risiti.

La tatu: "Basi tuitupe yote tuandike upya." Hili huwa linatoka kwa wale wenye bidii, na ndilo linaogopesha kuliko yote. Netscape, kivinjari kilichokuwa kikubwa kuliko vyote duniani, kiliamua mwaka wa 1998 kuanza upya. Toleo la 5 halikutoka kabisa. La 6 lilitoka Novemba 2000, na kufikia hapo Microsoft ilikuwa imechukua watu. Kodi ya zamani ina ubaya, lakini pia ina miaka ya makosa yaliyokwisha kurekebishwa. Ukiitupa, unatupa na hayo.

La nne ni la siku hizi: "AI itatusafishia." Buda, ukiiomba AI ikuandikie ukaguzi wa namba ya simu, itakuandikia mpya kabisa, safi, kwa sekunde nne. Usipoionyesha kwamba uko nao tayari kwenye faili nyingine, itajuaje? Hiyo ni nakala ya nane, imevaa suti.

Basi nini kifanywe? Wazungu wana jina, tuliite kurifakta: kupanga upya kodi kwa ndani bila kubadilisha inachofanya kwa nje. Martin Fowler aliandika kitabu kizima mwaka wa 1999, lakini mwanzo wake hauhitaji kitabu.

Kwanza tafuta. Kuna programu ya bure inaitwa jscpd, inapitia mradi wako na kukuonyesha vipande vilivyofanana na faili vilipo. ESLint inaweza kuhesabu ile namba ya McCabe na kupiga kelele ikizidi kiwango ulichoweka. Git nayo ina historia, kwa hivyo iulize ni faili gani zimebadilishwa mara nyingi zaidi mwaka huu. Faili iliyofungamana ambayo hakuna mtu huigusa inaweza kungoja. Iliyofungamana na inaguswa kila wiki, anza nayo.

Pili, kabla ya kugusa chochote, andika testi za kile inachofanya saa hii. Kwa namba ya simu ni rahisi: weka 07, weka 01, weka 254, weka +254, weka yenye nafasi katikati, weka herufi. Daraja ya M-PESA inataka namba ianze na 254, bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Ile kodi ya kopi-pesti inayokata herufi ya kwanza na kubandika 254 mbele, ukiipa namba yenye +254 inakurudishia 254254. Testi moja ingekuambia.

Tatu, tengeneza funkisheni moja inayosafisha namba, halafu hamisha nakala moja baada ya nyingine, ukirudia testi kila mara. Usichanganye na kazi mpya siku hiyo. Vitu vidogo vidogo, na kila jioni mfumo uko mzima.

Na tusiwe washamba wa upande mwingine pia. Si kila vitu vinavyofanana ni kitu kimoja. Ada ya uanachama ni shilingi 200, na kupeleka mzigo mjini ni shilingi 200. Ukiziunganisha kwa sababu zinafanana, siku mafuta yakipanda utawapandishia wanachama ada. Jiulize swali moja tu: hiki kikibadilika, ni lazima kile kibadilike? Kama jibu ni hapana, viache viishi kila kimoja kwake.

Kwa mabosi na waalimu wa kozi za kodi, acheni kumlaumu kijana wa mafunzo. Aliyempa siku mbili kwa kazi ya wiki moja, na akampigia makofi kwa sababu "inafanya kazi", ndiye aliyeandika zile nakala saba. Wekeni muda wa kusafisha ndani ya bei, mseme wazi kwa mteja ni wa nini.

Kwa wewe mwenye 011, ukikataliwa tena usiseme pole. Piga picha ya skrini, watumie, waambie namba yako ni halali tangu 2019 na wana nakala mahali hawajaipata.

Na wewe unayeandika kodi, leo usiku fungua mradi wako, tafuta "07", uhesabu. Ukipata moja, lala vizuri. Ukipata saba, kuna mtu mahali anangoja mamake atoke shambani.