Likasi: vijana wa rap watoe albamu ya maisha yao wenyewe

Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifika Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi kijana Jean-Bosco Mwenda na gitaa lake kavu. Hakukuwa na orkestra. Wimbo "Masanga" ulitoka hapo, na mpaka leo wapiga gitaa wa nchi za mbali wanajifunza kuupiga.

Vijana wa rap wa Likasi wangekumbuka jambo hilo. Wengi wanaamini kwamba bila studio kubwa na mdundo mzito hakuna albamu. Kwa kutafuta pesa za studio, wanaingia katika desturi ya "libanga": kutaja majina ya matajiri na wanasiasa ndani ya wimbo ili walipwe. Mwishowe wimbo unakuwa wa tajiri, na maisha ya msanii hayasikiki.

Na maisha hayo yana mengi ya kusema. Kuanzia mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango wa "départ volontaire" uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Likasi ni mmoja wa miji iliyoumia. Watoto waliomwona baba akirudi nyumbani bila kazi, ada ya shule ikikosekana, leo ni watu wazima, na wengine kati yao wanashika maikrofoni.

Mfano uko karibu. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mdogo. Alikuwa ameacha rap alipopata barua ya mama yake, ambaye hakumwona tangu utoto. Alimjibu kwa albamu "Hotel Impala", mwaka wa 2007, akimsimulia miaka yote waliyokuwa mbali. Vyombo ni vingi kuliko gitaa la Mwenda, lakini kiini cha albamu ni mtoto anayesema na mama yake. Mambo ya nyumba moja yaliwagusa watu ambao hawajafika Katanga.

Wengine watasema kwamba muziki wa pole hauchezwi kwenye arusi, na msanii anapaswa kula. Ni kweli, na ndiyo maana mzigo huu si wa wasanii peke yao. Redio za Likasi zinaweza kutenga nusu saa kila juma kwa nyimbo zisizomsifu mtu yeyote. Wenye kumbi wanaweza kuwapa vijana jioni moja, kwa kiingilio kidogo ambacho kitamwendea msanii. Na wasikilizaji, wanaolalamika kila siku kwamba rap ya sasa haina ujumbe, wafike na walipe.

Wazee waliofanya kazi Gécamines wanazidi kupungua. Kijana anayetaka kuimba habari zao aketi nao sasa, awaulize, kisha arekodi, hata kama ana gitaa moja tu.