Goma: Simu zinaunganisha wafanyabiashara, lakini mifumo bado haielewani

Mfanyabiashara wa Goma anaweza asubuhi kuuliza bei ya mchele Kampala kwa WhatsApp, akatumiwa picha ya magunia, na wakapatana kabla ya saa sita mchana. Hadi hapo mambo yanakwenda haraka. Lori likianza safari, haraka hiyo inaisha. Kila ofisi ambayo mzigo unapitia inataka maelezo yale yale: ni bidhaa gani, kilo ngapi, ya nani, thamani yake kiasi gani. Na kila mara kuna mtu anayekaa mbele ya kompyuta na kuyaandika upya.

Kuandika upya huko kuna gharama. Uzito ukitofautiana kati ya karatasi mbili, au jina la bidhaa likiandikwa vingine, mzigo unasimamishwa hadi wakala wa duane, yule anayeitwa déclarant, aeleze tofauti hiyo. Lori linalosubiri linalipiwa. Anayelipa mwishoni ni mama anayenunua kilo mbili pale Virunga au Alanine.

Namba moja badala ya majina manne

Dawa ya tatizo hili inajulikana: pande zote zikubali kueleza kitu kimoja kwa namna moja ambayo kompyuta inaweza kusoma. Mfano ulio karibu zaidi ni namba za bidhaa za Shirika la Forodha Duniani, zilizoanza kutumika 1988. Mchele unaitwa umuceri Gisenyi, riz kwenye karatasi za Goma, na rice Mombasa. Lakini mchele uliokobolewa ni 1006.30 kote huko. Afisa wa duane hahitaji kujua lugha ya muuzaji.

Ankara, yaani facture, nayo inaweza kupangwa hivyo. Kuna muundo wa kimataifa unaoitwa UBL, unaosema jina la muuzaji likae wapi, namba yake ya kodi wapi, bei na kodi wapi. Ubelgiji, nchi ambayo wafanyabiashara wengi wa Kongo wanaijua, imefanya ankara za namna hii kuwa lazima kati ya makampuni yanayolipa TVA tangu tarehe 1 Januari 2026. Picha ya ankara au PDF iliyotumwa kwa barua pepe haitoshi tena. Kompyuta ya mnunuzi inapokea ankara, inaisoma na kuiandika katika hesabu bila mtu kugusa kitu.

Programu moja, milango tofauti

Katika Afrika Mashariki kazi imeanza, ila kwa vipande. Duane za Kongo, Rwanda na Uganda zinatumia programu ya familia moja, SYDONIA, iliyotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Kenya na Tanzania zina mifumo yao. Lakini kuwa na programu moja si sawa na kuunganishwa. Watu wawili wanaweza kuwa na simu za aina moja na wasiwe na namba za kila mmoja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha eneo moja la forodha mwaka 2014, ili taarifa za mzigo zitangulie lori kutoka bandarini. Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, wakati wenzake walikuwa wamekwisha kuzoeana.

Upande wa kodi, kila nchi imejijengea nyumba yake. Rwanda ina mashine za EBM tangu 2013, Uganda ina EFRIS tangu 2021, Kenya ina eTIMS. Mifumo hiyo ilijengwa ili serikali ya nchi ihesabu kodi yake. Haikujengwa ili ankara ya Kampala isomwe Goma.

Tatizo la Goma ni pia la utambulisho

Kwenye karatasi, Kongo haijakaa nyuma sana. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua hati na sahihi za kielektroniki. Kujiunga na OHADA mwaka 2012 kulileta daftari la biashara, RCCM, linalotumiwa pia na nchi nyingine wanachama. Kuna pia guichet unique ya biashara ya nje, iliyokusudiwa kukusanya hati zote mahali pamoja.

Lakini kiwango cha data kinahitaji mtu wa kukisimamia. Namba ya kodi ina maana kwa sababu kuna ofisi inayosema: ndiyo, namba hii ni ya kampuni hii. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, kiungo hicho kimekatika. Watawala wapya wanatoza kodi, Kinshasa inasema kodi hizo si halali. Mfanyabiashara anabaki na risiti ambayo upande mmoja unaikubali na mwingine unaikataa. Hata muundo mzuri kuliko yote hautamsaidia hapo.

Banki nazo zilifunga milango, na pesa za simu zikachukua nafasi yake: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Zimeokoa mji. Lakini ujumbe wa simu unaonyesha kiasi, namba na saa. Mara nyingi hausemi ankara ipi imelipwa. Kwa malipo ya kimataifa, banki za dunia zimehamia kiwango cha ISO 20022, ambacho kinaweza kubeba namba ya ankara ndani ya malipo yenyewe. Bila kiungo hicho, mgogoro kati ya muuzaji na mnunuzi unamalizwa kwa kutafuta ujumbe wa zamani kwenye simu, kama simu haijaibiwa.

Wadogo wasisahauliwe

Kuna pia hofu ya kweli upande wa Petite Barrière, ambako wengi wa wanaovuka na mizigo midogo ni wanawake. Kwao, data zaidi inaweza kumaanisha kodi zaidi. COMESA ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, wenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na fomu fupi. Orodha hiyo ikiwekwa kwenye simu ya kawaida, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, mama anaweza kuonyesha mwenyewe kwamba bidhaa yake haidaiwi ushuru, bila kubishana na yeyote.

Makubaliano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda yalitaja mpango wa ushirikiano wa kiuchumi wa kikanda. Wafanyabiashara wa Goma wana sababu ya kuuliza kama mpango huo unahusu pia duane za pande mbili kusomana, au madini na umeme tu.

Wakati wanangoja jibu, kuna hatua isiyohitaji sahihi ya mkubwa yeyote: kila ankara ibebe namba ya bidhaa, uzito kwa kilo, namba ya kodi ya pande zote mbili na namba yake yenyewe, na namba hiyo irudiwe kwenye kila malipo. Siku mifumo itakapounganishwa, aliyeandika hivyo hatalazimika kuanza upya.