Dawa ya Rejeta si ya Baridi Pekee



Wapo miongoni mwetu hapa Oman waaminio kuwa dawa ya rejeta ni kinga ya barafu, na kwa kuwa Muscat haina barafu, hujaza maji ya bomba wakaondoka. Tumeona tulizungumze hili kabla ya msimu wa Khareef, wakati familia nyingi huelekea Salalah, safari ya takriban kilomita 1,000 ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa tupu.

Ndani ya injini maji yale yale hupita katika chuma na alumini, na kwa magari ya zamani katika shaba na risasi ya kulehemia pia. Metali mbili zilizogusana zikioga katika maji yenye chumvi huwa mfano wa betri: umeme mdogo hupita baina yao, na iliyo dhaifu huliwa. Aghalabu alumini huliwa kabla ya chuma, nacho chuma kabla ya shaba. Joto huzidisha ulaji huo. Basi vipi nchi ya joto isiihitaji dawa?

Dawa yenyewe ni mchanganyiko. Naitraiti, itumikayo zaidi katika injini za malori, hukivika chuma ngozi nyembamba mno. Silikati huilinda alumini. Toliltriazoli huing'ang'ania shaba, isije ikayeyuka na chembe zake zikatua juu ya chuma na kuanzisha betri nyingine. Viwanda vilitumia hata kromati, iliyofanya kazi vizuri ajabu, lakini huleta saratani. Marekani iliipiga marufuku katika minara ya kupozea majumba mwaka 1990.

Jambo ambalo ni nadra kuambiwa gereji ni kuwa dawa kama naitraiti ikipungua hudhuru. Ngozi isipofunika chuma chote, ulaji hukusanyika penye vijitundu vilivyobaki wazi, navyo huchimbika upesi hadi kikatoboka. Kwa hiyo tusiongeze maji matupu kila wiki. Njiani, kwa dharura, yanafaa kuliko kukosa, tukifika tuyamwage. Kwa kawaida hutiwa nusu dawa na nusu maji yaliyotoneshwa, yale yaongezwayo katika betri. Dawa ya silikati hubadilishwa baada ya miaka 2 hivi, ya asidi za kikaboni hufika 5. Rangi isitudanganye, kwani watengenezaji hawakuafikiana juu yake.

Maji ya zamani yasimwagwe uani: glaikoli ni tamu, watoto na paka huilamba, nayo huua figo.