Tupime ulaji wa mafuta, si umri wa gari pekee

Kila mwezi, tarehe 14, Wakenya hutega masikio wasikie bei mpya za mafuta. Katika eneo la Nakuru, habari hiyo haimhusu mwenye gari peke yake. Mkulima wa viazi kule Molo na mchuuzi wa mboga wa Njoro huilipa bei hiyo katika nauli na katika gharama ya kufikisha mazao sokoni. Tangu Julai 2023, kodi ya ziada ya thamani kwa mafuta ilipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, mzigo huo umezidi uzito.

Hata hivyo, katika mabishano yote kuhusu bei, swali moja halitiliwi maanani: gari hutumia lita ngapi kwa kilomita 100? Kanuni zetu hutazama umri, kwani gari kuukuu lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini. Ushuru nao hutazama thamani na ukubwa wa injini. Lakini magari mawili yenye umri mmoja na injini sawa yaweza kutofautiana sana kwa ulaji wa mafuta.

Wapo wahofiao kwamba viwango vya ulaji wa mafuta vitamkandamiza mnyonge, kwa kuwa gari lisilobugia mafuta huenda likauzwa ghali. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwenye matatu hununua gari mara moja, ilhali mafuta huyanunua kila siku, na mlima wa kuelekea Mau Summit haumhurumii. Dawa ni kupunguza ushuru wa gari linalotumia mafuta kidogo na kuuongeza kwa lile linaloyabugia, pasipo kuyagusa magari ambayo tayari yamo nchini.

Jambo hili si geni. Marekani ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1975, baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973. Japani ilifuata mwaka 1979, na huko ndiko yanakotoka mengi ya magari tunayoagiza. Vipimo vyake vipo. Kilichobaki ni kuvitumia.

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Afisa ambaye gari lake hutiwa mafuta kwa fedha za umma hauhisi uzito anaoubeba abiria wa Molo. Kwa hivyo, serikali na ianze kuyapima magari yake yenyewe.