Memware juu ya koltani: nani anaisoma?

Kwa Ndosho, barabara ya Sake inakata kata katikati. Mifuko ya koltani kutoka upande wa Masisi imezoea kuingilia Goma kwa njia hiyo. Na asubuhi, pembeni ya barabara ile ile, vijana wanapanda moto kwenda masomoni: huyu ULPGL, yule UNIGOM, mwingine ISC. Wengi wanasoma uchumi na gestion. Ukiuliza nani analipa minerval, mara nyingi jibu ni moja: baba iko kwa shimo, ao mukubwa wangu iko kwa shimo, ao mama anauzisha chakula kule kwenye karé.

Basi tuseme wazi: shimo ndilo linalipa masomo. Kwa hiyo mwenye shimo ana haki ya kuuliza masomo yanamrudishia nini.

Kila mwanafunzi anayemaliza lazima aandike kazi yake ya mwisho. Katika fakulte za uchumi za Goma, vichwa vya kazi hizo tunavijua: biashara ndogo ya mpakani na Gisenyi, mikopo midogo, dola na franka, na ndiyo, koltani. Kazi inapigwa chapa, inafika mbele ya jury, kijana anapata pointi, familia inakunywa Fanta. Kisha kitabu kinapanda kwenye etajere na kulala pale. Imeandikwa kwa Kifaransa kigumu, na mchimbaji aliyejibu maswali hajui hata kama majibu yake yalitumika.

Musidhani ni mambo ya karatasi tu. Utafiti wa uchumi umekwisha kugusa sufuria zenu, hata kama hakuna aliyewaambia.

Tukumbuke 2010. Mwezi wa saba, Marekani ilitia sahihi sheria ya Dodd-Frank, yenye kipengele cha 1502 juu ya madini ya vita. Mwezi wa tisa, serikali ya Kinshasa ikasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi mwezi wa tatu 2011. Walisema ni kwa kukata pesa ya makundi yenye silaha. Wanunuzi wa kigeni wakaogopa na kukimbia. Miaka michache nyuma, 2016, watafiti watatu wa uchumi, Parker, Foltz na Elsea, walitoa hesabu yao: katika vijiji vilivyo karibu na migodi iliyolengwa na ile sheria, uwezekano wa mtoto mchanga kufa ulipanda zaidi ya mara mbili. Sababu waliyoiona ni kwamba mama alikosa pesa ya dawa na ya matunzo. Wamama wa Masisi na Walikale hawakungojea profesa kwa kujua hayo. Lakini neno la mama halikufika Washington. Hesabu ya watafiti ilifika, na mabishano juu ya sheria ile yakabadilika. Hapo ndipo tunaona nguvu ya utafiti, na pia uchungu wake: ilifika wakati watoto walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mfano wa pili. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kwa ghafla ulimwenguni, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Mtafiti Raúl Sánchez de la Sierra alizunguka vijiji vya mashariki kuuliza watu kilichotokea, na kazi yake ikatoka 2020. Alikuta hivi: koltani ni nzito, haifichiki, kwa hiyo bei ikipanda, wenye bunduki wanakuja kukaa kwenye mugodi wenyewe, wanaweka barieri na kulipisha, na wanalinda pale ili waendelee kulipisha. Dhahabu inaingia mfukoni, haionekani. Kwa hiyo wao wanakaa kijijini, pale mchimbaji anapokunywa na kununua, na wanalipisha huko. Mchimbaji yeyote angeweza kuwaambia hayo jioni moja. Tofauti ni kwamba yeye aliyapima, na kwa hiyo yanasaidia kubashiri: bei ya dunia ikipanda, tazameni barieri.

Na ndiyo tunayoyaona. Tangu M23 ilipochukua Rubaya, mwezi wa nne 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba kodi juu ya koltani ya pale inaingiza karibu dola 800.000 kwa mwezi. Hiyo pesa inatoka kwa bei anayolipwa mchimbaji, haitoki mbinguni.

Lakini nani alikusanya majibu ya tafiti kama hizo? Mara nyingi ni vijana wa hapa, wenye lisansi ya uchumi, wanaojua Kihunde, Kinande ao Kinyarwanda, wanaopita kwenye barieri na karatasi ndani ya begi. Mwaka 2020 watafiti wa Kongo na wa Ulaya walitoa maandiko yanayoitwa Bukavu Series, wakilalamika wazi kwamba hao wanabeba hatari, na jina lao halionekani kwenye kitabu. Sisi tunaongeza: jina la mchimbaji halionekani hata kidogo, na matokeo pia hayamrudii.

Sasa, tangu mwisho wa Januari 2025, Goma yenyewe iko mikononi mwa M23, na banki zilifunga. Pesa inatembea kwa simu ao mkononi. Kwa mwanafunzi wa uchumi hii ni maabara isiyotakiwa na mtu: namna gani negosiani analipa bila banki, nani anakata asilimia katikati, na nani anabakia na deni. Tunajua kuuliza hivyo sasa kunaweza kuleta shida. Hatumlazimishi kijana yeyote kupeleka karatasi ya maswali mbele ya bunduki.

Kuna maswali yasiyo na hatari kubwa hivyo, na yenye faida ya moja kwa moja. La kwanza ni teneri, yaani kiasi cha tantali ndani ya mchanga. Bei ya koltani inafuata teneri. Kwenye kontuari kuna mashine ya kupima. Kwenye shimo kuna jicho la mnunuzi. Kati ya jicho na mashine, mchimbaji anapoteza kiasi gani? Memware moja nzuri, yenye kupima mifuko ile ile mara mbili, ingejibu.

Lingine: Kode ya madini ya 2018 inasema redevance igawanywe, asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa entité ya mahali na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kabla ya vita, ile 15 ilifanya nini? Barabara gani, shule gani? Mwanafunzi anaweza kutafuta karatasi na kwenda kuona kwa macho.

Utalii tunaugusa kidogo. Hapa mjini vijana wanasomea utalii huku Virunga, iliyoanzishwa 1925, haioni wageni wengi. Wanaandika juu ya gorila na Nyiragongo kama mutu anayeandika juu ya mvua wakati wa kiangazi. Hata hivyo tusiwacheke: siku amani ikirudi, wao ndio watakuwa tayari, na mugodi hautakuwa peke yake.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawajui. Kijana anapotetea kazi yake mbele ya jury, mlango uko wazi kwa kila mutu. Hakuna tiketi. Baba mwenye mikono ya udongo anaweza kuingia, kukaa nyuma na kusikiliza. Jury ikimaliza na kama wananchi wanapewa neno, auliza kwa Kiswahili: hii kazi itasomewa wapi kule Rubaya, na kwa luga gani?