Tahadhari: Majibu ya Selimundu Yasiwatangulie Washauri

Viongozi wa afya wa Kilwa na Lindi, wakunga wa zahanati, nanyi wazazi: kupima selimundu kwa watoto wachanga kunaokoa maisha, na pwani yetu inahitaji upimaji huo. Lakini usipime mtoto kama hakuna aliyefunzwa kukaa na familia yake siku ya majibu. Tone la damu ya kisiginoni hutolewa kwa dakika moja. Neno linalofuata laweza kuvunja ndoa, hata kumpoteza mtoto.

Tazameni majaribio ya Muhimbili na Temeke, mwaka 2015 na 2016. Kati ya watoto karibu 4,000, wenye ugonjwa walikuwa 31. Waliobeba kinasaba tu walizidi 500. Basi majibu mengi yatawahusu watoto wasioumwa. Mama wa Somanga akisomewa "AS" (mtoto amebeba kinasaba tu) dirishani bila maelezo, atarudi nyumbani akidhani kazaa mgonjwa. Mawifi watasema kwao kuna damu mbaya, na mume ataanza kutafuta mke mwingine. Wamarekani hayo yalishawakuta mwanzoni mwa miaka ya 1970: majimbo kadhaa yalilazimisha upimaji bila ushauri nasaha wa kutosha, na watu wenye afya njema waliobeba kinasaba tu wakanyimwa kazi na bima.

Kwa wale 31, balaa huja kimya. Mtoto wa "SS", yaani mwenye ugonjwa, huzaliwa akiwa na afya, hunyonya na kunenepa, kwa sababu damu aliyotoka nayo tumboni humkinga miezi ya mwanzo. Mama asiyeelezwa huona hospitali wamekosea, akaacha kliniki. Kisha vidole vinavimba, homa inapanda, bandama inajaa damu ghafla, na mtoto wa Kilwa Kisiwani anaweza kukata roho kabla boti haijafika Kilwa Masoko.

Mshauri aliyefunzwa huwaita baba na mama wa mtoto wa "SS". Huwaambia kinasaba kimetoka kwa wote wawili, na kwamba wazazi wote wakikibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa, hata kama aliyetangulia anaumwa. Huushika mkono wa mama, akauweka chini ya mbavu za kushoto za mtoto, amfundishe kupapasa bandama. Hueleza penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo na chandarua, na kwamba homa hailali nyumbani. Na siri ya majibu haitoki naye chumbani.

Halmashauri zitenge fedha za mafunzo sasa: muuguzi mmoja kwa kila zahanati, pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji. Nawe mzazi, ukipewa karatasi usiyoielewa, usiondoke. Uliza: mwanangu anaumwa au amebeba tu? Nimrudishe lini? Sisi wazazi tutapimwa wapi?